Gesi zinazokwenda na kurudi: darasa la msawazo, kuanzia mfuko wa urea hadi jiko la mkaa

Wadau, leo siasa na mpira vikae pembeni kidogo. Kila mitihani ikikaribia napata swali lile lile kutoka kwa vijana wa sekondari: hii kanuni ya Le Chatelier ina maana gani hasa? Wengi wameikariri neno kwa neno kwa Kiingereza, lakini ukimgeuzia swali kidogo tu, kaduwaa. Simlaumu. Mtu ukifundishwa jambo kwa lugha ambayo huoti kwayo, utakariri, basi. Kwa hiyo nimeamua kuiandika yote kwa Kiswahili, mahali pamoja, ili wewe uliye kafe na dakika zinakatika uinakili, uichapishe, ukaisome nyumbani kwa nafasi.

Na siyo mambo ya mtihani peke yake. Kanuni hii inachangia bei ya mfuko wa mbolea, na ndiyo inayoeleza kwa nini kuna watu wanaolala na jiko la mkaa ndani na asubuhi hawaamki. Tutafika huko, twende taratibu.

1. MANENO KWANZA

Mmenyuko ni pale vitu viwili au zaidi vinapoungana au kuachana na kuwa vitu vingine. Vile unavyoanza navyo nitaviita malighafi, na unachokipata nitakiita zao. Presha ni mgandamizo wa gesi ndani ya chombo. Vitabu vya Kiswahili huiita kanieneo, lakini mtaani tunasema presha na hapa nitasema hivyo hivyo. Nitaipima kwa angahewa: angahewa 1 ni presha ya kawaida ya hewa tunayovuta, usawa wa bahari. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko chenyewe kisiishe.

Mmenyuko mwingine ni wa njia moja. Ukishachoma karatasi, majivu hayarudi kuwa karatasi. Lakini iko mingine, hasa ya gesi, ambayo inakwenda na kurudi. Malighafi zinaungana kuwa zao, na hapo hapo zao linavunjika kurudi kuwa malighafi. Hii huandikwa kwa mishale miwili inayotazamana kinyume. Mfano wetu mkuu leo ni huu:

N2 + 3H2 ⇌ 2NH3

Yaani molekuli moja ya naitrojeni na tatu za haidrojeni zinatoa mbili za amonia, na amonia nayo inaweza kuachana kurudi kuwa naitrojeni na haidrojeni.

2. MSAWAZO SIYO KUSIMAMA

Hapa ndipo watu wengi wanapotelea. Wanadhani msawazo ni mmenyuko uliokwisha na kutulia kama maji ya mtungini. Hapana.

Fikiria kivuko cha Kigamboni, au Likoni kwa ndugu zetu wa Mombasa. Chukua saa ambayo watu 500 wanavuka kwenda na watu 500 wanavuka kurudi. Ukihesabu watu wa kila upande, idadi haibadiliki. Lakini kivuko hakijasimama hata kidogo! Kinakwenda na kurudi, ila kasi ya kwenda ni sawa na kasi ya kurudi. Huo ndio msawazo.

Angalia jambo la pili hapo hapo. Idadi kutobadilika hakuna maana kwamba pande zote zina watu sawa. Mjini wanaweza kuwa wengi sana na ng'ambo wachache. Vivyo hivyo kwenye gesi, msawazo unaweza kukaa upande wa zao (zao jingi, malighafi kidogo) au upande wa malighafi. Swali linalowahusu wenye viwanda, na linaloulizwa na watunga mitihani, ni moja: nifanye nini ili msawazo usogee upande ninaoutaka?

3. KANUNI YENYEWE

Henry Louis Le Chatelier alikuwa mkemia wa Ufaransa, aliishi kuanzia 1850 hadi 1936, na kanuni hii aliitoa mwaka 1884. Kwa maneno yangu inasema hivi: ukiubughudhi mfumo ulio kwenye msawazo, kwa kubadili wingi wa gesi, presha au halijoto, msawazo utasogea kuelekea upande unaopunguza bughudha hiyo.

Neno la kupigia mstari ni "unaopunguza". Haufuti, unapunguza tu. Ukiongeza joto, mfumo utameza sehemu ya lile joto, lakini mwisho wa yote chombo bado kitakuwa na joto zaidi kuliko mwanzo. Ukiongeza haidrojeni, sehemu yake itatumika, lakini bado itabaki nyingi kuliko ilivyokuwa. Shika hilo.

Wazo kwamba wingi wa vitu unaweza kugeuza mmenyuko lilikuwepo kabla yake. Mfaransa mwingine, Claude Berthollet, alifika Misri na msafara wa Napoleon mwaka 1798. Huko akaona magadi yakijijenga kando ya maziwa ya natroni, mahali ambapo chumvi na mawe ya chokaa viko kwa wingi kupita kiasi. Maabara alikuwa anajua mmenyuko huo unakwenda kinyume chake! Akahitimisha kwamba ule wingi ndio uliougeuza. (Natroni hiyo ndiyo iliyobeba jina hadi Ziwa Natron letu kaskazini mwa Tanzania.)

4. UKIBADILI WINGI WA GESI

Hii ndiyo nyepesi. Ongeza malighafi, msawazo unasogea upande wa zao. Ongeza zao, unarudi upande wa malighafi. Ondoa zao, mfumo unatengeneza jingine kufidia.

Hilo la kuondoa zao ndilo lenye faida. Kiwanda kikitoa amonia kila inapotengenezwa, mmenyuko haupati nafasi ya kurudi nyuma. Ni sawa na kule ng'ambo kila anayeshuka kivukoni anapanda basi na kuondoka zake, hakuna wa kurudi.

5. UKIBADILI PRESHA

Kanuni ya haraka: hesabu molekuli za gesi kila upande. Ukiongeza presha kwa kukibana chombo, msawazo unakimbilia upande wenye molekuli chache. Ukipunguza presha, unakwenda upande wenye molekuli nyingi. Kwa amonia, kushoto zipo 4 (1 ya naitrojeni na 3 za haidrojeni) na kulia zipo 2. Kwa hiyo presha kubwa inaleta amonia zaidi.

Lakini kwa nini? Usikubali kukariri, tufanye hesabu ndogo. Katika msawazo, kwa halijoto moja, kuna namba isiyobadilika. Unaipata hivi: chukua presha ya amonia uizidishe kwa yenyewe (maana ni 2NH3), kisha ugawanye kwa presha ya naitrojeni mara presha ya haidrojeni mara haidrojeni mara haidrojeni (maana ni 3H2). Sasa kibane chombo kiwe nusu ya ujazo wake. Presha ya kila gesi inakuwa mara mbili. Juu: 2 x 2 = 4. Chini: 2 x 2 x 2 x 2 = 16. Namba yako imeshuka kuwa robo ya ilivyokuwa! Lazima irudi pale pale, na njia pekee ni amonia iongezeke na zile mbili zipungue. Umeona? Hakuna uchawi.

Sasa jaribu H2 + I2 ⇌ 2HI, haidrojeni na mvuke wa aidini. Juu 4, chini 2 x 2 = 4. Namba haitikisiki. Kwa hiyo presha haina la kufanya hapo, kwa sababu molekuli ni 2 kwa 2. Mtunga mtihani anaupenda sana huu mtego.

Mtego wa pili: vipi ukiingiza gesi isiyohusika, tuseme agoni, chombo kikiwa kimefungwa na ujazo haubadiliki? Jumla ya presha itapanda, ni kweli, lakini presha ya kila gesi inayohusika iko pale pale. Namba haibadiliki, msawazo hausogei.

6. UKIBADILI HALIJOTO

Lichukulie joto kama vile ni mojawapo ya vitu vilivyomo kwenye mmenyuko. Amonia ikitengenezwa inatoa joto, takriban kilojuli 92 kwa kila moli moja ya naitrojeni. Kwa hiyo joto liko upande wa kulia pamoja na amonia. Ukiongeza joto, unauchokoza upande wa kulia, msawazo unarudi kushoto na amonia inapungua. Ukipooza, amonia inaongezeka.

Mmenyuko unaomeza joto ni kinyume chake. Halijoto ikipanda, zao linapanda.

Na hii iandike kwa wino mwekundu: katika mambo yote haya, ni halijoto PEKEE inayobadilisha ile namba ya msawazo. Wingi na presha vinausogeza mfumo, kisha unarudi kwenye namba ile ile. Halijoto inaibadili namba yenyewe.

Wanaopenda kuona kwa macho, mfano mzuri ni N2O4 ⇌ 2NO2. Ya kushoto haina rangi, ya kulia ni ya kahawia, na kwenda kulia kunameza joto. Chupa iliyofungwa ukiitia kwenye maji ya moto, rangi inakolea. Ukiitia kwenye barafu, inafifia. Ukiibana gesi hiyo ndani ya bomba la sindano, kwanza inakolea ghafla (molekuli zimesongamana), halafu inafifia kidogo (msawazo umekimbilia upande wenye molekuli chache), lakini hairudi kwenye rangi ya mwanzo. Ndiyo ile "kupunguza siyo kufuta" niliyoisema. Tafadhali msijaribu kuitengeneza nyumbani, gesi hii ya kahawia ni sumu ya mapafu. Ni ya maabara yenye mwalimu.

7. KICHOCHEO JE?

Kichocheo HAKISOGEZI msawazo. Kinaharakisha kwenda, kinaharakisha na kurudi, kwa kiasi kile kile. Kinachobadilika ni muda wa kuufikia msawazo. Kivuko kipya chenye injini kubwa kitawavusha watu upesi pande zote mbili, lakini hakitaamua wangapi waishi Kigamboni.

Sasa hapa ndipo kiini cha darasa la leo. Kanuni ya Le Chatelier inakuambia UELEKEO. Haikuambii KASI wala GHARAMA. Ukichanganya mambo hayo matatu umekwama, iwe kwenye karatasi ya mtihani au kiwandani. Tazama yaliyotokea kwa amonia.

8. KISA CHA AMONIA

Hewa tunayovuta, asilimia 78 ni naitrojeni. Mimea inaihitaji sana, lakini haiwezi kuitumia ikiwa kama gesi. Kuigeuza naitrojeni ya hewani kuwa kitu cha kuliwa na mahindi ilikuwa ndoto ya wakemia wa mwisho wa karne ya 19.

Le Chatelier mwenyewe alijaribu. Mwaka 1901, kwa kufuata kanuni yake, aliibana naitrojeni na haidrojeni kwa presha kubwa, akatia joto na chuma kama kichocheo. Mtambo ukalipuka, baada ya hewa kuingia na kuchanganyika na haidrojeni. Akaacha. Uzeeni alikiri kwamba kuiachia amonia ndilo lililomuuma kuliko yote katika kazi yake ya sayansi.

Aliyefanikiwa ni Fritz Haber wa Ujerumani. Julai 1909, mjini Karlsruhe, aliwaonyesha wataalamu wa kampuni ya BASF mtambo mdogo wa mezani uliokuwa ukidondosha amonia tone kwa tone. Kichocheo chake kilikuwa osmiamu, madini adimu sana. Carl Bosch akapewa kazi ya kuufanya uwe kiwanda, na mwenzake Alwin Mittasch akafanya maelfu ya majaribio hadi akapata kichocheo cha bei nafuu: chuma kilichotiwa oksidi za alumini na potasiamu. Kiwanda cha Oppau kikaanza kazi mwaka 1913.

Sasa tazama hizi namba. Ni asilimia ya amonia katika msawazo, ukianza na naitrojeni moja kwa haidrojeni tatu:

Nyuzi 200 za Selsiasi: angahewa 100 inatoa 81, angahewa 300 inatoa 90
Nyuzi 300: angahewa 100 inatoa 52, angahewa 300 inatoa 71
Nyuzi 400: angahewa 100 inatoa 25, angahewa 300 inatoa 47
Nyuzi 500: angahewa 100 inatoa 11, angahewa 300 inatoa 26
Nyuzi 600: angahewa 100 inatoa 5, angahewa 300 inatoa 14

Ukisoma kwa jicho la Le Chatelier peke yake utasema: jamani, si wafanyie nyuzi 200 wapate asilimia 90? Lakini viwanda vingi vinafanya kazi kwenye nyuzi kama 400 hadi 500 na angahewa 150 hadi 250. Kwa nini wajinyime?

Kwa sababu ya kasi. Molekuli ya naitrojeni imeshikamana mno, atomu mbili zimefungwa kwa vifungo vitatu. Kwenye nyuzi 200 mmenyuko unakwenda kama konokono hata ukiwa na kichocheo. Asilimia 90 ya kusubiri milele haina faida. Afadhali asilimia 15 inayopatikana sasa hivi, halafu unairudia.

Na ndivyo wanavyofanya. Gesi zinapita juu ya kichocheo, sehemu inakuwa amonia, mchanganyiko unapoozwa, amonia inageuka kimiminika na kutolewa. Naitrojeni na haidrojeni zilizobaki zinarudishwa kuzunguka tena na tena. Mwisho wa mizunguko karibu malighafi yote imekuwa amonia, ingawa kila mzunguko ulitoa kidogo. Unaona ile namba 4 ya kuondoa zao inavyofanya kazi?

Na kwa nini wasiende angahewa 1,000? Hapo ni gharama. Mabomba mazito, mashine kubwa za kubana, umeme, na hatari. Bosch aliona hilo mapema: mitungi yake ya kwanza ya chuma cha pua ilipasuka baada ya siku chache tu, kwa sababu haidrojeni yenye joto na presha kubwa ilipenya na kula kaboni iliyomo kwenye chuma, kikawa kikavu na kuvunjika. Akatatua kwa kuweka tabaka la chuma laini ndani, na kutoboa vitundu vidogo kwenye ukuta wa nje ili haidrojeni inayopenya itoke bila kuleta madhara.

Haber alipewa Nobel ya mwaka 1918, Bosch akapata yake mwaka 1931. Ila tusimpambe Haber kupita kiasi: ndiye pia aliyesimamia matumizi ya gesi ya klorini dhidi ya askari huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Mtu mmoja, mikono ile ile.

9. MFUKO WA UREA UNAINGIAJE HAPA?

Amonia ikiungana na kabonidayoksaidi inatoa urea, ile punje nyeupe unayoiona dukani. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni iliyotolewa hewani. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu wa dunia wanakula chakula kilichostawi kwa naitrojeni ya namna hii.

Naitrojeni ni ya bure, iko hewani. Gharama iko kwenye haidrojeni, ambayo viwanda vingi huipata kutoka gesi asilia:

CH4 + H2O ⇌ CO + 3H2

Huu nao unakwenda na kurudi, lakini unameza joto, takriban kilojuli 206. Sasa tumia uliyojifunza: ili uende kulia unahitaji halijoto kubwa. Na kweli, hufanyika kwenye nyuzi 800 kwenda juu. Moto huo unatoka wapi? Kwenye gesi asilia hiyo hiyo. Kwa hiyo gesi asilia ni malighafi na ni kuni kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana bei ya gesi ilipopaa Ulaya mwaka 2021 na 2022, viwanda vya amonia huko vilipunguza uzalishaji na vingine vikafungwa kwa muda, na mkulima wa huku akaisikia dukani. Mwaka 2022 Tanzania ilianza mpango wa ruzuku ya mbolea, na Kenya mwezi Septemba mwaka huo ikaanza kuuza mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 3,500 badala ya 6,500. Msawazo wa kemia uligeuka kuwa hoja ya bajeti.

10. MFANO WA PILI: ASIDI YA SALFURIKI

Ndugu zetu wa Katanga watauelewa haraka, maana asidi hii hutumika kwa wingi kule kutoa shaba na kobalti kwenye mawe. Hatua muhimu ni:

2SO2 + O2 ⇌ 2SO3

Molekuli 3 kushoto, 2 kulia. Inatoa joto. Kwa kanuni, presha kubwa ingesaidia. Lakini viwanda vinaufanya kwenye angahewa 1 au 2 tu! Sababu ni kwamba kwenye nyuzi kama 450, kwa kichocheo cha oksidi ya vanadiamu, tayari zaidi ya asilimia 95 inakuwa SO3. Sasa ununue mashine za kubana za nini? Ongezeko dogo halilipi gharama. Uelekeo, kasi, gharama. Yale yale matatu.

11. JIKO LA MKAA: HAPA NI UHAI

Hii ndiyo sehemu ambayo hata kama husomi kemia naomba uisome.

Kwenye jiko la mkaa, hewa inaingia chini na mkaa unaungua kuwa kabonidayoksaidi. Gesi hiyo inapopanda na kupita kwenye makaa mekundu ya juu, inakutana na huu:

CO2 + C ⇌ 2CO

Unameza joto. Halijoto ikiwa kubwa, unakwenda kulia. Karibu na nyuzi 700 gesi hizi mbili zinakaribiana kwa wingi, na kwenye nyuzi 1,000 msawazo uko karibu wote upande wa CO, yaani kabonimonoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Ule moto wa bluu unaouona ukicheza juu ya makaa ni kabonimonoksaidi inayoungua. Isiyoungua inaingia chumbani.

Kwa hiyo ile imani ya mtaani kwamba mkaa ukishaacha moshi na kuwa mwekundu ni salama kuuingiza ndani, ni ya kuua. Moshi ndio ulioisha. Sumu inaendelea. Wala kuweka beseni la maji chumbani hakusaidii, gesi hii karibu haiyeyuki kwenye maji.

Ikishaingia mwilini, inakutana na msawazo mwingine, safari hii ndani ya damu. Himoglobini yako hubeba oksijeni kwa kuishika na kuiachia. Kabonimonoksaidi inagombea nafasi ile ile:

himoglobini yenye oksijeni + CO ⇌ himoglobini yenye CO + oksijeni

Msawazo huu umeegemea kulia vibaya sana, kwa sababu himoglobini inaishika CO zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Kiasi kidogo hewani kinatosha kujaza damu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea, na aliyelala hapati hata nafasi ya kushtuka.

Lakini unakwenda na KURUDI. Hapo ndipo tumaini lilipo. Ongeza oksijeni upande wa kulia, msawazo unarudi kushoto. Mtu akivuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka kwenye damu baada ya saa 4 hadi 6 hivi. Akipewa oksijeni safi hospitalini, nusu hutoka kwa saa moja hadi saa moja na nusu. Daktari anapomvika mgonjwa ile barakoa, anaitumia kanuni ya Le Chatelier.

Kwa hiyo ukimkuta mtu katika hali hiyo: fungua milango, mtoe nje kwenye hewa, mpeleke hospitali hata kama anasema ameshapata nafuu. Na mwambie mhudumu wazi kwamba palikuwa na jiko la mkaa ndani, kwa sababu kile kifaa cha kawaida cha kubana kidoleni hakiwezi kutofautisha himoglobini yenye oksijeni na yenye CO, kinaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari wakati siyo. Walioko Njombe, Mbeya, Arusha, Limuru na kwingineko kwenye baridi, jiko libaki nje. Ongezeni blanketi.

12. KWA WANAOKWENDA MTIHANI

Ukipewa mmenyuko wowote, jiulize kwa mpangilio huu: Je, molekuli za gesi ziko ngapi kila upande? Joto liko upande gani? Nimeulizwa uelekeo, au kasi, au namba ya msawazo? Halafu ndipo uandike. Na usijibu tu "unasogea kulia", sema na sababu.

Maswali ya kuondoka nayo:

a) CO + H2O ⇌ CO2 + H2, zote ni gesi, na kwenda kulia kunatoa joto. Ukiongeza presha itakuwaje? Ukiongeza halijoto je?
b) Mtu kaongeza chuma maradufu kwenye mtambo wa amonia uliokwisha kufikia msawazo. Amonia itaongezeka?
c) Kwa nini mgonjwa wa kabonimonoksaidi akiwekwa kwenye chumba chenye oksijeni ya presha ya angahewa 2 au 3 sumu hutoka haraka zaidi?

Majibu yaandikeni hapo chini kwenye maoni, pamoja na sababu. Nitayapitia. Na mwenye neno la Kiswahili bora kuliko haya niliyotumia alilete, lugha ni yetu sote.

Naomba kuwasilisha.